Saa ya Bibi Mukunde na Seva ya Shule

Nyumbani kwa kina Sangwa, kule Gikondo, jijini Kigali, hakuna mtu aliyeisoma saa ya ukutani kama ilivyoonyesha. Ilikuwa saa kubwa ya duara, yenye fremu ya mbao, ambayo Bibi Mukunde aliinunua Bukoba enzi familia ilipokuwa ikiishi Karagwe. Saa za Tanzania zimezitangulia za Rwanda kwa saa moja, na tangu waliporudi, Bibi alikataa katakata mishale ya saa yake iguswe.

"Saa yangu haijakosea," alikuwa akisema. "Inasema saa za Karagwe. Wewe uliye Kigali toa moja, kazi imekwisha."

Basi kila mtu alitoa moja, hata mdogo wa Sangwa mwenye miaka mitano, aliyejua kutoa moja kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Asubuhi ile ya Jumanne mishale ilionyesha saa mbili kasoro robo. Sangwa aliitupia jicho, akajua ni saa moja kasoro robo, akamaliza uji wake bila haraka. Alimuaga Bibi, akateremka kilima kuelekea shuleni, akipita kwenye gereji ambako mafundi walikuwa wamekwisha anza kugonga mabati.

Sangwa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na alikuwa kiongozi wa klabu ya kompyuta. Katika chumba cha kompyuta, chini ya meza ya mwisho, palikuwa na mashine nyeusi iliyonguruma mchana kutwa. Hiyo ndiyo seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine zote za shule. Ndani yake zilikaa programu tatu za wavuti: moja ya maktaba, moja ya mahudhurio, na moja ya kupokea kazi za wanafunzi. Mwalimu Silvère, aliyefundisha hesabu na kompyuta, alikuwa amempa Sangwa neno la siri la seva kwa sharti moja tu.

"Kuangalia unaruhusiwa," alimwambia. "Kubadilisha kitu, hapana, mpaka mimi niwepo."

Sangwa alitembea na neno lile kichwani kama mtu aliyebeba trei ya mayai sokoni, akitaka kila mmoja aone jinsi asivyoyumba. Tatizo la mtu wa namna hiyo ni kwamba macho yake huwa kwa watazamaji, hayapo njiani.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijafika katikati mlango ulipofunguliwa. Aliingia Mwalimu Silvère na karatasi mkononi, na nyuma yake Madamu Gahongayire, mkuu wa shule. Darasa zima lilisimama. Madamu hakuwa na desturi ya kuingia darasani bila sababu, na sababu zake kwa kawaida hazikuwa za kufurahisha.

"Akimana, wewe baki umesimama," alisema. "Wengine kaeni."

Akimana alikuwa rafiki mkubwa wa Sangwa, msichana mpole, mtoto wa mama mshonaji aliyetoka Burundi. Alikuwa ametengeneza programu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo za watoto wao, kwa sababu mdogo wake wa kiume aliwahi kukosa chanjo kwa kuwa nyumbani kwao walisahau. Kulikuwa na mashindano ya kazi kama hizo. Kila shule ilipeleka kazi moja, na wanafunzi kumi watakaoshinda wangepata nafasi katika shule ya bweni ya sayansi. Kazi ya Akimana ilikuwa imechaguliwa kuwa ya kwanza shuleni. Kilichobaki kilikuwa kuituma kwenye seva kabla ya Jumatatu saa sita mchana.

"Mwalimu, msomee," alisema Madamu.

Mwalimu Silvère alikohoa. "Seva inasema kazi yako imepokelewa jana, saa sita na dakika kumi na mbili mchana. Umechelewa kwa dakika kumi na mbili, mwanangu. Sheria ya mashindano hairuhusu hata moja."

Akimana alitazama huku na huku kama aliyeamshwa usingizini. "Oya, hapana, Mwalimu. Mimi nilituma wakati wa mapumziko ya asubuhi. Saa nne ilikuwa imepita kidogo tu. Kengele ya kurudi darasani ilikuwa bado."

"Sibomana," aliita Madamu, na mlinzi wa shule akachungulia mlangoni akiwa ameshika kofia yake. "Sema ulichoniambia."

"Mi niliona huyu mtoto jana," alisema Sibomana. "Saa sita iko imepita. Alitoka kwa kompyuta peke yake, mbio mbio."

"Nilirudi kuchukua sweta yangu," alisema Akimana kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Sangwa, ulikuwa na mimi asubuhi. Uliona nikituma. Waambie."

Macho yote yalihamia kwa Sangwa. Ni kweli alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Akimana, akamwona akibonyeza, na wote wawili wakapigana viganja kwa furaha. Lakini wakati huo akili yake ilikuwa imeshikwa na jambo jingine. Saa nne na dakika kumi na mbili, saa sita na dakika kumi na mbili. Tofauti ilikuwa saa mbili kamili, na Sangwa alizijua saa mbili hizo.

Ijumaa mchana, saa nane na nusu, Mwalimu alipokuwa amekwenda nyumbani, Sangwa aliwasha skrini ya seva ili aangalie kama kuna nafasi ya kutosha ya kuhifadhi kazi. Aliona saa ya seva ikisema ni saa sita na nusu. Imechelewa kwa saa mbili nzima, aliwaza, na hakuna aliyeona ila mimi. Aliandika amri ya kuisogeza mbele. Mashine ilikataa, ikamwambia kwamba inajirekebisha yenyewe kupitia mtandao. Mwenye busara angeishia hapo. Sangwa akauzima ule urekebishaji, akaisogeza saa mbele kwa mkono wake, akafunga skrini na kwenda zake, akifikiria jinsi siku moja Mwalimu atakavyogundua na kumsifu.

"Sangwa?" alisema Madamu.

"Nilikuwa naye kwenye mapumziko," alijibu Sangwa. "Lakini... sikuangalia vizuri kwenye skrini."

Akimana alimtazama kwa muda, kisha akatazama chini. Hata Sangwa mwenyewe alishangaa jinsi uongo ule mdogo ulivyotoka mdomoni mwake kwa urahisi.

Mwalimu Silvère alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo hakutaka kuhukumu bila kupima. Aliwaongoza wote watatu, Madamu na wasichana wawili, hadi chumba cha kompyuta, akawasha skrini ya seva. Saa ya seva ilisema ni saa mbili na dakika ishirini. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika ishirini.

"Bon, basi," alisema Mwalimu kwa masikitiko. "Ziko sawasawa. Ningeikuta seva imepotoka, ningesema mtoto ameonewa. Lakini mashine haina sababu ya kudanganya."

Madamu alitazama saa yake ya mkononi. "Saa nne kamili naondoka kwenda Kimihurura, kwenye ofisi ya mashindano, kupeleka kazi ya shule. Kazi ya pili ni ya nani?"

"Ya Sangwa," alisema Mwalimu. "Ule mchezo wa kuzidisha."

"Basi aichape sasa hivi. Akimana atasubiri ofisini kwangu. Nimemwita mama yake. Kuchelewa ni kosa dogo, kusema uongo ni kosa jingine."

Sangwa alibaki peke yake mbele ya kompyuta, na mashine ya kuchapa ikisubiri pembeni. Alitaka kuamini kwamba yeye hakukosea. Si aliirekebisha? Si saa ya seva na ya ukutani zililingana, hata Mwalimu ameona? Alifungua programu ya kupokea kazi ili aitoe kazi yake. Pembeni juu ya ukurasa, programu huonyesha saa ya sasa kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtu anayeyasoma. Yalisomeka saa nne na dakika ishirini na tano. Alitazama ukutani. Saa mbili na dakika ishirini na tano.

Seva moja, nyakati mbili tofauti.

Hapo ndipo alipoikumbuka harusi ya mama yake mdogo. Miaka miwili iliyopita, mjomba Bruce alikuja kuwatembelea kutoka Kampala. Jioni alipanda juu ya kiti na kuirudisha saa ya Bibi nyuma kwa saa moja, eti awasaidie, maana aliona inakwenda mbele. Hakumwambia mtu. Asubuhi yake Mama Winifred, mama yake Sangwa, aliitazama saa, akatoa moja kama alivyozoea, akaoga taratibu, akapaka mafuta taratibu. Alipofika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, basi la Huye, kulikokuwa na harusi, lilikuwa limekwisha ondoka, na alipofika harusini alikuta watu wanasugua sufuria. Saa ilikuwa sawa kabisa na saa ya Kigali, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa, kwa kuwa kila mtu nyumbani aliendelea kutoa.

Seva ilikuwa kama saa ya Bibi. Haikuwa imechelewa hata dakika. Ilikuwa inasema saa za mahali pengine, zile saa za ulimwengu ambazo kompyuta nyingi hutumia, na ambazo ziko nyuma ya Kigali kwa saa mbili. Programu zilijua hivyo. Kila zilipoisoma saa ile ziliongeza mbili zenyewe, kimyakimya, kama familia nzima ilivyotoa moja. Sangwa alipanda juu ya kiti kama mjomba Bruce, akasogeza mishale, na programu zikaendelea kuongeza.

Mtoto aliyelelewa chini ya saa ile ndiye angepaswa kuwa wa mwisho kulikosea jambo hilo. Sangwa alilijua hilo, na liliuma.

Aliketi. Hakuna aliyemwona Ijumaa. Angeweza kuirudisha saa sasa hivi, kabla Mwalimu hajarudi, na kazi yake ingekwenda Kimihurura, na pengine nafasi ile ya shule ya bweni ingekuwa yake. Alibonyeza, na karatasi za kazi yake zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine. Alizikusanya, akazipanga vizuri, akazipeleka ofisini kwa Madamu. Saa tatu kasoro dakika kumi alikuwa amesimama mlangoni.

Ndani alimkuta Mama Spès, mama yake Akimana. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani, utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni, nyuzi zimenasa kwenye sketi. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Madamu, mikono ameikunja mbele.

"Nisamehe mimi, Madamu," alikuwa akisema. "Kosa ni langu. Nilimwomba anisaidie kushona sare za watu Jumamosi na Jumapili. Ndiyo sababu amechelewa kumaliza. Si tabia yake kusema uongo, labda aliogopa. Msimwadhibu mtoto, niadhibuni mimi."

Akimana alikuwa kwenye benchi ukutani, analia bila sauti. Kulia kule hakukumuumiza Sangwa kama ombi lile la msamaha. Mtu mzima alikuwa ananyenyekea kwa kosa ambalo halikuwepo, na mwenye kosa alikuwa amesimama mlangoni na karatasi safi mkononi.

"Mama, usiombe radhi," alisema Sangwa. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Akimana hakuchelewa. Mimi ndiye niliyeiharibu saa ya seva."

Madamu alivua miwani. "Kamwite Mwalimu Silvère," alisema.

Sangwa alieleza yote, tangu Ijumaa, hata pale mashine ilipokataa na yeye akaishinda. Aliieleza saa ya Bibi na harusi ya mama mdogo. Mwalimu Silvère alisikiliza mkono ukiwa kidevuni, na kadiri Sangwa alivyoendelea, uso wa Mwalimu ulizidi kubadilika.

"Na leo nimeilinganisha seva na ukuta," alisema polepole, "nikadhani nimepima."

"Maneno ni mazuri," alisema Madamu, "lakini kule Kimihurura hawatataka hadithi ya saa ya bibi. Watasema marafiki wamepanga. Uthibitisho uko wapi?"

Sangwa alifikiri nani mwingine aliyeguswa na saa ile jana. Kisha akapata jibu. "Mahudhurio, Mwalimu. Programu ya mahudhurio iko kwenye seva hiyo hiyo."

Walikwenda wote, hata Mama Spès. Mwalimu aliufungua ukurasa wa Jumatatu. Shule nzima, walimu kwa wanafunzi, ilikuwa imeandikwa kufika baada ya saa tatu asubuhi, kana kwamba Gikondo yote ililala usingizi mmoja. Mwalimu aliteremsha ukurasa, akasimama kwenye jina moja, akasita.

"Soma," alisema Madamu.

"Madamu Gahongayire," alisoma Mwalimu. "Amefika saa tatu na dakika tano."

Kwa miaka kumi na mmoja Madamu alikuwa akiwahi kufika shuleni kuliko walimu wote, na hakuacha kuwakumbusha watu. Aliinama akausoma mstari ule mwenyewe, mara mbili. "Jana nilifika saa moja na dakika tano," alisema hatimaye. "Sibomana ndiye aliyenifungulia lango."

"Toa mbili, Madamu," alisema Sangwa.

Hakuna aliyecheka, ingawa Mama Spès alifunika mdomo kwa utepe wake wa kupimia. Ilikuwa imetimia saa tatu na robo.

Mwalimu aliurudisha urekebishaji wa mtandao, na saa ya seva ikaruka nyuma kwa saa mbili. Walifungua upya ukurasa wa kupokea kazi, na maandishi madogo ya pembeni sasa yakakubaliana na ukuta. Sangwa alinyoosha mkono kuelekea kwenye jina la Akimana. "Na hapa turekebishe iwe saa nne na dakika kumi na mbili?"

"Usiguse," alisema Mwalimu. "Tukiibadilisha rekodi kwa mkono, nani atatuamini tena? Inabaki ilivyo. Tutaandika barua, tutaambatisha mahudhurio ya jana, na aliyefanya ataweka jina lake."

Sangwa aliandika barua ile kwa mkono, Mwalimu akikagua kila sentensi. Alieleza aliyoyafanya Ijumaa, na chini kabisa akaandika jina lake kamili na darasa lake, na Mwalimu akaongeza lake. Saa nne kasoro dakika tano Madamu aligonga mhuri, akaweka kazi ya Akimana ndani ya bahasha, akaacha ya Sangwa mezani.

"Wanaweza kuikataa," alisema akielekea kwenye gari. "Wakiikataa, shule haina kazi kabisa mwaka huu. Mjue hivyo."

Sangwa hakumbuki alichofundishwa kati ya saa nne na saa saba siku ile. Akimana alikuwa amehamia dawati la mbele. Wakati wa chakula, Sangwa alimfuata.

"Nisamehe," alisema.

"Uliniona nikituma," alisema Akimana. "Ungeweza kuniharibia saa kwa bahati mbaya, hilo naelewa. Lakini ulisema hukuangalia." Akachukua sahani yake akaenda kukaa mbali.

Gari la Madamu lilirudi saa saba na robo. Alishuka taratibu, kama kawaida yake, akawakuta wanamsubiri wote langoni.

"Wameisoma barua mara mbili," alisema. "Wakaniuliza kama mtoto huyu aliiandika mwenyewe. Nikawaambia ndiyo. Kazi ya Akimana imepokelewa."

Akimana aliketi chini palepale langoni, akafunika uso kwa sweta yake.

Baadaye Mwalimu Silvère aliwaita wasichana wote wawili chumba cha kompyuta. Juu ya seva palikuwa na daftari jipya, limefungwa kwa uzi.

"Sangwa, neno la siri nimelibadilisha, na hutalipata mpaka muhula ujao," alisema. "Na mimi nina kosa langu. Fundi aliyeifunga seva hii alipoondoka, sikuandika popote kwa nini saa yake iko vile, hata nikasahau mwenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla hujarekebisha kitu, uliza kwanza kwa nini kiko kilivyo. Na ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo asubuhi kosa lako lilikuwa saa mbili za mashine tu. Uliponyamaza, likawa machozi ya mama wa mwenzako. Kuanzia leo, kila atakayeigusa seva ataandika humu. Anza wewe."

Sangwa alichukua kalamu, akaandika mstari wa kwanza. "Ijumaa, saa nane na nusu mchana, saa za Kigali. Nilisogeza saa ya seva mbele kwa saa mbili bila kuuliza. Haikuwa imekosea. Sangwa."

Akimana alikuwa akisoma juu ya bega lake. "Bado kuna kitu," alisema.

Sangwa alijua ni kitu gani. Aliinamia daftari tena, akaandika. "Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Niliulizwa kama nilimwona Akimana akituma kazi yake. Nilimwona."

Akimana aliusoma mstari ule hadi mwisho. Kisha akavuta kiti cha pembeni, akaketi karibu na Sangwa.